Nafasi ya Kumi

Jumatatu, 21 Juni 2021

Mshtuko! Mitihani inaanza Alhamisi. Tangu volkano itutimue mpaka Sake, nilidhani mwaka huu shule imekufa. Haikufa. Mkuu wetu, prefe, muzee Namegabe, ametusimamisha uani sisi wa darasa la sita. Amesema aliyeunguliwa na nyumba, aliyefiwa au aliyeumia alete ushahidi kwenye kamati. Atafikiriwa. Wengine kati yao watafanya mitihani Agosti. Agosti! Ila nafasi ni kumi tu, walimu ni wachache.

Sijafungua daftari tangu Aprili. Nimekimbia nyumbani Keshero kukagua hasara. Hakuna. Lava ilisimama mbali kabisa. Hata kioo kimoja hakikupasuka. Familia gani hii isiyo na bahati!

Jumanne, 22 Juni

Nimeamua. Mkono wa kulia umevunjika, njia ya Sake, watu walipokanyagana. Plasta sina. Nimekoroga unga wa muhogo kwa maji ya moto, nikapaka juu ya bendeji, nikaketi juani mpaka ukakauka. Kazi ya daktari! Karatasi ya hospitali nilikuwa nimeiandika mwenyewe, kabla ya kuvunjika.

Mama akauliza unga wa bugali umeenda wapi, na mkono una nini. Nimemwambia ni somo la huduma ya kwanza. Amefurahi kwamba walau kuna somo ninalolifanya. Nimeumia kidogo. Si mkono.

Jumatano, 23 Juni

Kamati. Mbele yangu watu tisa. Wa tisa, Kaswera, amefiwa na baba. Nilitazama sakafu.

Zamu yangu. Nimeeleza vizuri. Nimeongeza pikipiki na mbuzi. Muzee Namegabe amesema pole, akaandika jina langu kwenye nafasi ya kumi, ya mwisho. Nikauliza ni Agosti tarehe ngapi.

“Agosti ya nini, Twagirayezu? Kilichovunjika ni mukono, si kichwa!”

Kesho nafanya mtihani pamoja na wengine. Mama Victoire, katibu wa shule, atakaa kando yangu aandike nitakayosema. Mshtuko mkubwa!

Alhamisi, 24 Juni

Hesabu. Mama Victoire anaandika kila kitu. Kila kitu! Nilisema tungoje kidogo, hii siijui. Ameandika. Nikamwomba afute. Ameandika kwamba nimemwomba afute. Nikakohoa. Ameniuliza kikohozi kinaandikwa vipi.

Ijumaa, 25 Juni

Mkono unanuka. Unga umechacha.

Kabla ya jiografia, Émérance amefika. Huyu ndiye wa kwanza darasani kila mwaka, nami sijawahi kumpenda. Nyumba yao ya Buhene iko chini ya lava. Alikimbilia Rutshuru na bibi yake, bibi akaugua, akabaki kumuuguza. Amefika na vumbi mpaka kwenye nyusi, karatasi za zahanati mkononi. Za kweli. Hesabu imempita, na daftari zake zote zimeungua.

Muzee Namegabe amemwambia taratibu kwamba nafasi kumi zimejaa. Hakulia. Aliuliza tu wa kumi ni nani. Muzee akaninyooshea kidole. Émérance akatazama plasta yangu.

“Pole sana, Florent. Inauma?”

Nilitaka kusema. Kinywa kilifunguka kabisa! Kengele ikalia, nikaingia darasani.

Swali la kwanza: kwa nini volkano hulipuka. Nilikuwa bado natafuta jibu, sisimizi wakatoka kwenye kiwiko changu, mmoja nyuma ya mwingine, wakapita juu ya karatasi. Mama Victoire akaweka kalamu chini.

“Weye mutoto, hii mukono ilivunjikia mu jikoni?”

Wakaanza kuuma. Nikaruka. Plasta ikagonga dawati, ikapasuka vipande viwili. Nikawapangusa sisimizi wote kwa mkono wa kulia. Haraka, kwa ustadi. Mbele ya darasa zima.

Jumamosi, 26 Juni

Nimefutwa kwenye orodha. Hesabu sifuri. Jiografia sifuri. Mama ameitwa shuleni. Hakunipiga. Amerudi, ameketi, akaniuliza kama nilijua yule msichana ana bibi mgonjwa. Afadhali angenipiga.

Nafasi ya kumi amepewa Émérance. Atafanya mitihani yote Agosti. Nimefikiri sana. Ukiangalia vizuri, ni mimi niliyemtunzia nafasi! Bila mimi, mwingine angeichukua Jumatano. Nimemwendea kumweleza. Akaniomba daftari zangu. Nikampa, kwa moyo mweupe. Akafunua moja, akafunua nyingine. Amesema asante, alihitaji sana karatasi ambazo hazijaandikwa kitu.

Jumatatu, 28 Juni

Tangazo jipya! Kamati imeongeza nafasi mbili kwa wanafunzi ambao vichwa vyao vilipatwa na mshtuko. Hata waliopata sifuri wanaweza kuomba. Mshtuko! Mimi nimeshtuka wiki nzima!

Nimeanza mazoezi mbele ya kioo. Mikono itetemeke, meno yagongane, macho yakodoke. Mama akapita, akanigusa paji la uso.

“Florent, ni malaria?”

Malaria! Hiyo ina karatasi ya kweli, kutoka zahanati ya kweli! Nimemwambia ndiyo, Mama, tangu jana. Ameenda kumwita muuguzi. Sasa nawasikia barazani. Muuguzi anauliza alete sindano gani. Mama amejibu: ile kubwa.

Safi sana. Sindano kubwa lazima iwe na karatasi kubwa.