Kisima cha Kinondoni na Marehemu Asiye na Jina

Jumatatu, 7 Juni 1954
Ewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa jina la mama yako: funga mdomo. Usimsomee mkeo. Usimsomee hata asiyejua kusoma, maana hao ndio wasimuliaji wakubwa. Mimi ni Kasimiri, karani wa Maendeleo hapa Kinondoni, bado niko kwenye majaribio. Neno moja likivuja, narudi Masasi kupalilia mihogo ya baba.

Habari yenyewe ni hii. Serikali ina saruji na mafundi wa kujenga kisima kimoja. Kimoja! Ama Kinondoni, ama Temeke. Bwana Maendeleo, Mwingereza mwenye miguu mirefu, atapita Jumamosi. Watakaokutwa wanachimba kwa hiari yao ndio watakaopewa. Kornelio, karani wa Temeke, alinicheka mbele ya watu. Akasema watu wa Kinondoni hawajitolei hata kukohoa.

Bi Hija, mwenye nyumba wangu, anafuata maji mbali mpaka bega limekwenda upande. Nimemwahidi kisima. Akasema, "Mwanangu, ahadi haijazi mtungi." Nyumba nzima ikacheka.

Jumatano, 9 Juni
Nimezunguka mitaa yote kuwaita watu kwenye kazi ya kujitolea. Nilivaa soksi ndefu ili waone uzito wa jambo. Mmoja mgongo unamuuma. Mwingine anamngoja shemeji. Mwingine akauliza kama kutakuwa na pilau. Nikasema kutakuwa na maendeleo. Akafunga dirisha.

Jioni akatokea mtu mmoja, peke yake. Alidhani nagawa majembe. Akachukua langu, akaenda zake.

Ijumaa, 11 Juni
Nimepata! Leo kazikwa mzee wa mtaa wa pili. Hakuna aliyebembelezwa. Waislamu, Wakristo, mwenye mgongo mbovu, mwenye shemeji: wote walikuja na majembe mabegani, wanagombea zamu ya kuchimba! Nilisimama pale nikawaza: kumbe majembe hufuata msiba!

Jioni nikamwendea Jumbe Bakari, mkuu wa mtaa. Nikampa shikamoo kwa sauti ya chini. Nikasema kesho asubuhi tunahitaji wachimbaji, kwenye kiwanja cha nyuma ya soko. Nikainamisha kichwa.

Akasema, "Inna lillahi! Nani tena?"

Nikasema jina silijui. Ni kweli, silijui! Akauliza mbona si makaburini. Nikasema ni amri ya juu. Akatikisa kichwa, akasema maskini, mgeni wa watu. Sikumkatalia. Lakini sikutamka neno maiti. Hilo nalisisitiza, endapo anayesoma ni hakimu.

Jumamosi, 12 Juni
Walikuja! Kiwanja kizima majembe. Wanawake wameketi mkekani, wamejitanda kanga. Machozi ya furaha yakanitoka. Wakanipa pole.

Kisha tabu. Marehemu ni Mwislamu au Mkristo? Wote wakanigeukia. Nikasema bado haijajulikana. Jumbe Bakari akaamua maiti asicheleweshwe kwa mabishano, yachimbwe makaburi mawili. Nikawa na mashimo mawili, moja limeelekezwa Kibla kwa ufundi mkubwa. Yote marefu, yote membamba! Nikawasihi wachimbe la mviringo, waende chini zaidi. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama marehemu atazikwa amesimama.

Hapo akafika Anselmo. Anselmo ni Mngoni, mtani wangu, na mtani kwenye maziko ana ruhusa ya kufanya lolote. Akarukia shimoni, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Hamziki mtu hapa mpaka nipewe jogoo!"

"Mfukieni huyo huyo," akapaza sauti mmoja, "ameshafika mwenyewe!"

Wakaanza kumrushia udongo. Na gari la Bwana Maendeleo likasimama.

Akawatazama watu. Akatazama mashimo. Akamwona Anselmo. Naye Anselmo, kwa kuiheshimu Serikali, akafumba macho. Bwana Maendeleo akavua kofia. Nilitaka kueleza, akaniwahi. Akasema hajapata kuona watu wa hali ya chini wanaozikana namna hii bila kubaguana kwa dini. Akaamua papo hapo: Kinondoni ipewe saruji ya kujenga ukuta wa makaburi. Kisima kiende Temeke.

Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Ndiyo, Bwana! Ulimi wangu huu huu! Bi Hija alilishika bega lake tu, akanitazama.

Gari lilipoondoka, wakaniuliza maiti yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Jua likapanda. Jumbe Bakari akasema kuchelewa huku kumezidi, hata kwa maiti. Nikasema ngoja nikamwangalie. Nikadandia lori la Bandali mwenye duka, lililokuwa linafuata chokaa Boko.

Jumatatu, 14 Juni
Niko Bunju kwa shangazi Demetria. Fransis, dereva wa lori, kaniletea habari. Kornelio kachinja mbuzi. Bi Hija kapita sokoni na mtungi wake kama kawaida, akatangaza: "Kasimiri katujengea ukuta wafu wasitoroke, na wafu wenyewe hatuna." Jumbe Bakari bado anamtafuta marehemu. Asipopatikana, amesema atanitumia mimi.

Nimekaa nikafikiri sana. Kosa nimeliona. Msiba ni jambo la huzuni! Lingekuwa jambo la furaha, haya yasingetokea.

Fransis anasema Serikali ina bomba moja la maji limebaki. Litapewa mtaa ambao wanawake watakutwa wamekusanyika kwa hiari yao. Wanawake kukusanyika? Harusi! Bi Hija atapata maji yake. Na bibi harusi si lazima awepo, maana siku zote hufichwa ndani, nani atauliza? Amebaki bwana harusi tu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una kanzu safi na mdomo mzito, nifuate. Shika njia ya Bagamoyo, pita Boko, fika Bunju, uliza nyumba ya Demetria muuza mihogo. Jina langu usilitaje. Zunguka nyuma hadi kwenye banda la kuku, ubishe taratibu. Nikisikia hodi kubwa, mimi ni wa kukimbia.