Dakika Kumi za Kuandika

Ofisi ya Daftari Kuu ina furaha kuutangazia umma kwamba foleni imekomeshwa. Kwa mujibu wa Mwongozo uliobuniwa na Mkurugenzi mwenyewe, wasomaji wa Daftari wataingia chumbani pamoja, hata wakiwa mia, maana kusoma hakuharibu kitu. Mwandishi ataingia peke yake, chumba kikiwa kitupu. Akisubiri dakika kumi bila kupata nafasi, atapewa karatasi ya "Muda Umeisha" na kurudi mwisho wa mstari. Nani apinge jambo zuri kama hilo?

Karani wa mlangoni, aliyebandikwa jina la Bi Zamu, aliuamini Mwongozo kwa moyo wake wote. Kasoro ilikuwa ndogo tu: chumba cha Daftari ndicho chenye feni pekee inayozunguka katika jengo zima. Ghafla wafanyakazi wote wakapenda kusoma. Mmoja akitoka, wawili wameshaingia, wanapiga soga huku wakifunua kurasa kwa adabu.

Siku hiyo mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa mlangoni tangu asubuhi. Jina la binti yake lisipokuwa Daftarini ifikapo saa sita mchana, shule haimpokei, na mwaka wa mtoto umepotea hivyo. Bi Zamu alimwonea huruma kwelikweli, akampa karatasi ya saba.

Saa tano na robo Mkurugenzi alifika mbio, jasho linamtoka. Mkataba wake nao ulikuwa unakwisha saa sita, na nyongeza ni lazima iandikwe Daftarini. Alichungulia ndani, akaona watu kumi na wanne.

"Watoe hao," alisema.

"Kifungu cha nne, Mheshimiwa. Msomaji hafukuzwi."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

Bi Zamu aliinamisha macho kwa heshima.

Fundi alipewa karatasi ya nane, akarudi nyuma ya Mkurugenzi. Mkurugenzi akapewa ya kwanza, akarudi nyuma ya fundi. Hapo ndipo alipopandwa na hasira, akaandika marekebisho palepale, karatasi ameiegemeza ukutani: kukiwa na mwandishi mlangoni, msomaji mpya asiingie. Marekebisho mazuri sana, hata Bi Zamu alikiri. Wasomaji, kazi zikiwaita, wakatoka mmoja mmoja kwa shingo upande, na saa sita kasoro dakika saba chumba kikawa kitupu.

Mkurugenzi alikwishainua mguu. Bi Zamu akanyoosha mkono, akasema zamu ni ya mama.

"Dada, nipishe," Mkurugenzi alimbembeleza fundi. "Dakika moja tu."

"Kaka yangu, hata mimi tangu asubuhi nilikuwa naomba hiyo hiyo moja."

Akaingia. Aliandika pole pole, kwa mwandiko mzuri, jina la binti, la baba yake na la babu yake, akapuliza wino ukauke. Jina liliwahi, roho ikamtulia, machozi yakamlengalenga. Alipotoka, saa ya ukutani ilikuwa imepita saa sita.

Bi Zamu alimgeukia bwana aliyesimama mlangoni, akamwarifu kwa upole kwamba kuanzia saa sita mlango huu ni wa wafanyakazi tu, na dirisha la wananchi liko nje, upande wa juani.