Tantine Amekufa kwa Ajili ya Hesabu

Jumatatu, 3 Machi

Chef de travaux Mwila, mhadhiri wetu wa hesabu, ametugawia masharti ya somo lake la Analyse. Kurasa nne! Mlango unafungwa saa mbili kamili asubuhi. Simu marufuku. Kikokotoo marufuku. Kila zoezi utalieleza ubaoni kwa mdomo wako mwenyewe. Ukikosa mara tatu hufanyi mtihani, isipokuwa kama nyumbani kuna kilio, yaani msiba. Mtu amefundisha dérivée na intégrale miaka ishirini, sasa anajiona mfalme. Mimi huu ni mwaka wa tatu nasikiliza somo hili hili. Kama kuna mtu wa kuweka masharti humu, ni mimi.

Tatizo moja dogo. Ofisi ya fakulte wanasema hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nikikosa mtihani wa Analyse, nafutwa chuoni. Na Tantine Adolphine, dada wa baba, anayenilisha hapa mtaani Bel-Air, ameapa kwamba siku hiyo nitafunga virago. Mwanamke hana shukrani. Nani alimrekebishia antena?

Jumatano, 5 Machi

Nimefika saa mbili na dakika sita. Dakika sita! Mlango umefungwa. Kupitia kioo nilimwona Mwila akiandika ubaoni, amenipa mgongo, mgongo wenye dharau kabisa. Sikujali. Rafiki yangu Dédé alikuwa ndani, na tulishapatana anisainie kwenye orodha ya mahudhurio.

Ijumaa, 7 Machi

Dédé ni mjinga wa kutupwa. Juzi alinisainia mimi, akasahau kujisainia yeye! Mwila akaita jina langu, Paulin, nije ubaoni. Dédé akababaika, akaenda. Akaulizwa dérivée ya x mraba, zoezi la siku ya kwanza. Akajibu kwamba inategemea. Nimeaibishwa mbele ya watu mia tatu bila hata kuwepo.

Kisha Exaucée, kiongozi wa darasa letu, msichana anayepiga pasi hata daftari zake, akamwambia Mwila kwamba yule si Paulin. Masharti, ukurasa wa tatu: kusainiwa na mwingine kunahesabiwa kukosa mara mbili. Ukurasa wa tatu! Nani husoma mpaka huko?

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Mtu mwenye akili hatoki kitandani kwa mvua kama hii. Nikalala. Saa nne nikaamka, nikahesabu. Mbili na hii ya leo, tatu. Nikahesabu tena, bado tatu.

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Kuna kile kipengele cha kilio. Swali ni nani afe. Babu wawili na nyanya wawili nimeshawatumia, mwaka juzi na mwaka jana. Nikamchagua Tantine. Ana umri, ana presha, inaaminika. Nikamwandikia Exaucée kwamba Tantine ametutoka alfajiri. Nililia kidogo nikiandika. Nina kipaji.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi! Mwila amenishika mkono kwa mikono miwili na kufuta makosa yangu yote matatu. Kurasa zake nne, kwisha! Ameliambia darasa zima linyamaze dakika moja kwa ajili yangu. Exaucée akauliza tunakaa avenue gani, namba ngapi. Nikamtajia kwa sauti ya majonzi. Ni wazi ananipenda. Maskini.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Darasa hapa husindikizana kwenye vilio, promotion nzima, wote wa mwaka mmoja. Mimi sijawahi kwenda hata kimoja, huko ni kuimba tu na kukaa kwenye jua. Ningejuaje?

Walikuja saa nne, watu sitini, wakiimba. Gunia la unga, makaa, viti vya plastiki vichwani. Mwila mbele, suti nyeusi. Tantine alikuwa uani anaparua samaki. Exaucée akapiga magoti mbele yake: "Mama, pole sana. Tunakuya kulia na ninyi."

Tantine akaangusha kisu. Akauliza ni nani amekufa. Akaambiwa ni Mama Adolphine.

"Miye? Miye njo nilikufa?"

Wakati huo majirani walikuwa wameshasikia nyimbo na wanakuja mbio, wakipiga mayowe. Mimi nilikuwa chooni. Nilikusudia kubaki humo mpaka Jumapili, ila Tantine aliniita kwa majina yangu yote manne.

Mwila alitoa masharti yake mfukoni, akayapitia, akasema kwa utulivu kwamba hakuna ukurasa unaohusu marehemu anayeparua samaki. Nimekwisha, nikajua. Lakini Tantine, mwenye magoti mabovu, akapiga magoti kwa yule mtu ambaye ni mdogo kwake. Akamwomba asinifute. Akasema kaka yake alimwachia mtoto mmoja tu, na kila siku ya somo atanipeleka yeye mwenyewe mpaka mlangoni. Iliniuma sana kumwona pale chini. Karibu dakika mbili nzima.

Mwila amekubali. Amesamehe lile la Jumatatu, nimebaki na makosa mawili. Moja zaidi na mimi basi. Unga ukasongwa, wakala wote, Exaucée akaongezewa mara mbili. Mimi nilipewa kichwa cha samaki.

Jumanne, 18 Machi

Jana Tantine alinifikisha chuoni saa moja na robo, akasimama na mwavuli hadi mlango ulipofungwa. Kesho ni interro, jaribio la dérivée. Sijafungua daftari. Ningefungua saa ngapi, na aibu yote hii?

Hata hivyo nimekaa, nimetafakari kwa unyenyekevu, na nimeona kosa langu. Tantine alikuwa anaishi karibu mno. Mjomba Kunda yuko Kipushi. Kipushi ni mbali, hakuna darasa litakalofunga safari mpaka kule. Jioni hii nimempigia simu, nikamuuliza kwa heshima zote afya yake ikoje. Akasema hajawahi kujisikia vizuri hivi.

Nimemwambia ajiangalie.