Sikio Lililogoma Kukunjika

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza: mkuu mpya wa chumba cha kukuzia tishu za mwili atakuwa mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani. Miaka tisa nimo humu maabarani. Miwani ana miaka miwili na kalamu nne mfukoni. Mimi nakuza sikio la gegedu, ule mfupa laini unaokunjika, yeye kipande cha mfupa wa taya. Mwisho wa mwezi kila mtu ataweka kazi yake mezani. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita mkuu. Amesema atasubiri kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Sikio limelala tu. Seli zinalishwa, zinawekwa kwenye kabati la joto, hazina hata shukrani. Mfupa wa Miwani unanenepa, naye anapita akipiga mluzi. Profesa ananishauri nisiwe na pupa: kichocheo cha ukuaji hutiwa kidogo kidogo, kwa siku zake. Ushauri wa watoto wa shule. Nimechunguza mwenyewe. Kichupa cha Miwani kina kifuniko chekundu, changu cha kijani. Kumbe nimepewa kilicho dhaifu!

Alhamisi, 6 Machi
Miwani alipokwenda kula, nilichota chake. Nikalitilia sikio mara tatu ya kipimo. Dada wa usafi alinikuta, akauliza mbona vifuniko vina rangi mbalimbali kama dawa ni moja. Nikamweleza kuwa rangi ni urembo, kukua ni kukua. Alitikisa kichwa akaendelea kupiga deki. Ningekuwa mkuu, asingetikisa.

Jumatatu, 17 Machi
Nachota kila siku, saa ya chakula. Nimekonda, lakini sikio limekaza! Limejaa, jeupe, linajitegemea. Profesa amekubali nialike familia siku ya kuweka kazi mezani. Nimemwalika mama mkwe, ambaye kwa miaka yote hii anaamini kazi yangu ni kuosha chupa.

Ijumaa, 28 Machi
Profesa alilishika sikio kwa koleo, akajaribu kulikunja. Likagoma. Akaligonga mezani: ko, ko. Akaeleza kwa upole, jambo baya zaidi, kwamba kila kichocheo kina agizo lake. Cha kifuniko chekundu huziambia seli ziwe mfupa, nazo zimetii. Mama mkwe aliuliza kama linasikia. Miwani hakucheka. Hilo liliniuma kuliko yote.

Ukuu amepewa yeye. Mimi nimehamishiwa chumba cha kuosha chupa, kwa hiyo mama mkwe sasa yuko sahihi. Nililia chooni, sifichi. Miaka tisa! Mke wangu alinisubiri mlangoni, akasema angalau ningeuliza kila kichupa ni cha nini. Nikamjibu kwamba mtu wa uzoefu haulizi.

Jumatatu, 31 Machi
Nimetafakari wikendi nzima bila kujionea huruma. Kosa nimeligundua: nilikuwa na woga. Mara tatu ni kipimo cha mtu mwoga.

Leo friji imeletewa kichupa chenye kifuniko cha bluu. Maandishi yake ni madogo mno, sikuyasumbua. Kuna kipande cha ngozi ambacho Miwani anakikuza kwa ajili ya wageni wa mwezi ujao. Nitakuza changu kitakachokipita kwa mbali, nao watauliza aliyekikuza ni nani. Mkuu wetu yuko kikaoni hadi saa nane. Pipeti za kuchotea dawa ninazo zote, maana mimi ndiye ninayeziosha. Naanza na mara kumi.