Wageni Wapite Mlango Gani?

Jumatatu, 6 Novemba 2017

Vita vimeanza! Nafasi moja, watu wawili. Dakta Specioza, mkurugenzi wetu hapa Kituo cha Papa Potwe, Kilindoni, kisiwani Mafia, ametangaza kwenye kikao kwamba mikataba yetu, wangu na wa Jovina, inakwisha mwezi huu, na atakayebaki ni fundi mmoja. Mtihani ni barua pepe mpya ya kituo. Ifunguke kwetu ofisini, ifunguke na kwa wafadhili wa ng'ambo, wote kwa jina lile lile, *barua*. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Wafadhili watajaribu wenyewe saa hiyo.

Jovina ametoka Mwanza mwezi Septemba. Mpole, ana miwani, hasemi sana. Watu wa namna hii ni wa kuogopwa. Tena amepanga chumba kwa shangazi yangu, Bi Mwatima. Shangazi yangu mwenyewe!

Kazi imegawanywa. Yeye kapewa seva, ile mashine ya kutunza barua iliyoko stoo, pamoja na proksi, yaani huduma ya ng'ambo inayowapokea watu wa intaneti kwa niaba yetu, ikawakagua kama si wezi, ndipo ikatuletea shida zao. Mimi nimepewa DNS. Nilinyoosha mkono kabla sijajua ni kitu gani. Kumbe daftari la majina tu! Kompyuta inauliza *barua* yuko wapi, daftari linaijibu anwani. Nimeandika anwani ya proksi. Mstari mmoja. Saa nane mchana nimemaliza, Jovina bado yuko chini ya meza na waya zake. Nimepita mbele yake mara tatu nikipiga mluzi.

Jumanne, 7 Novemba

Aibu. Barua inafunguka, lakini ukurasa mmoja unachukua dakika nne. Jovina kanionyesha sababu bila kejeli, jambo lililoniuma zaidi. Seva iko stoo, hatua sita kutoka kitini kwangu. Lakini kwa kuwa daftari langu linamtuma kila mtu kwa proksi, ombi langu linapanda setilaiti, linakwenda Ulaya, linarudi Kilindoni, linaingia stoo, kisha jibu linaanza safari hiyo hiyo upya.

Saa nne mvua ikanyesha, intaneti ikakatika. Barua ikafa kabisa. Mashine yetu inanguruma hapo nyuma ya ukuta na hakuna anayeweza kuifikia! Dakta Specioza akaja kuuliza, kwa sauti ile ya upole wake mbaya, kama stoo yetu imehamishiwa Ubelgiji.

Jovina akachora kwenye karatasi. Mchoro safi, mistari imenyooka kama ya mashine. Anataka madaftari mawili. La ndani liwajibu watu wa ofisini anwani ya stoo. La nje liwajibu wageni anwani ya proksi. Jina moja, majibu mawili.

Nimekataa. Nimemwambia kwetu swali moja likipewa majibu mawili, huo ni uongo. Akacheka kidogo, akasema basi kaka Azan, daftari ni lako. Mchoro nimeuweka mfukoni. Ni mzuri mno kuutupa.

Jumatano, 8 Novemba

Nimepata! Nimefuta anwani ya proksi, nimeandika ya stoo. Ukurasa unafunguka kabla sijainua kidole! Dakta Specioza kanipiga begani mbele ya watu. Nimemwona Jovina akiandika kitu kwenye kijitabu chake. Wivu, nikajua.

Baadaye akaja, akauliza taratibu kama daftari hilo lenye anwani ya stoo ndilo wanalolisoma hata watu wa nje. Nikamjibu kwa fahari kwamba bila shaka. Hawa wafadhili ni wageni wetu wa heshima. Ati waachwe barazani kwa proksi, wakaguliwe kama watu wasiojulikana, na sisi tumekaa ndani? Mafia hatumfanyii mgeni hivyo. Karibuni ndani wote!

Jovina akaweka mkono mdomoni. Akasema anwani ya stoo ni ya humu ndani ya jengo tu, nje haina maana, na akanisihi nirudishe. Nikamwambia aendelee na waya zake.

Saa kumi simu zikaanza. Mfadhili wa kwanza, ukurasa mweupe. Wa pili, ukurasa mweupe. Wa tatu, mzee mmoja wa Uswidi, yeye kafungukiwa. Lakini kafunguliwa printa yake mwenyewe, iliyoko sebuleni kwake, ikimwarifu kwamba wino umekwisha. Kaandika kwa adabu sana kuuliza sisi Kilindoni tumejuaje.

Dakta Specioza kaja hadi mezani kwangu. Kanitazama tu, kisha kaitazama kalenda.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimeamka na hila. Jovina akikosekana ofisini mchana, nitaurudisha mstari kimya kimya na kusema ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Nikampigia Bi Mwatima, nikamwomba amwite Jovina kwa chakula cha mchana, ampikie pweza wa nazi, amcheleweshe hadi alasiri. Shangazi akaniuliza kwani mimi sili? Akaniamrisha niende na mimi. Sina ubavu wa kumkatalia Bi Mwatima.

Nikaenda. Nikamkuta Jovina uani, pekupeku, kwenye mbuzi, anakuna nazi. Shangazi anamwita mwanangu! Mimi sijaitwa mwanangu tangu nilipovunja birika la marehemu bibi.

Nikamuuliza ameingiaje, maana sikumwona barazani. Akasema siku ya kwanza alipiga hodi barazani kama watu wote. Akaulizwa yeye nani na anamtaka nani, mtu akaingia ndani kumsemea, akatoka na maji ya kunywa. Wiki ya tatu shangazi akamwambia aache kuzunguka mbele, apite kichochoro cha nyuma, aingie uani. Nyumba ni ile ile, ya Bi Mwatima. Mgeni anaelekezwa baraza, wa nyumbani anaelekezwa uani. Hakuna aliyedanganywa.

Nikawasimulia kisa cha mzee wa Uswidi, nikauliza je, mgeni haoni kadharauliwa? Shangazi akadakia hapo hapo. Akasema mgeni gani wa heshima anaingizwa uani siku ya kwanza, akute watu na khanga za kuogea na chupi kambani? Heshima yake ni barazani, apokewe! Na huyo mzungu wa watu, akasema shangazi, ukimwambia apite uani naye yuko kwao, si ataingia uani kwake mwenyewe?

Kijiko kikanidondoka. Printa!

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Sijawahi kukutana na akili kama ya Jovina. Ningeweza kuisikia habari ile ya DNS miaka kumi nisiielewe, na yeye kaieleza huku anakuna nazi, wala hakuonyesha kwamba ananifundisha.

Tulirudi ofisini pamoja. Nilidhani atanisukuma kando. Akavuta kiti, akakaa pembeni, akaniachia kibodi. Daftari la ndani, anwani ya stoo. Daftari la nje, anwani ya proksi. Kompyuta zote za ofisi ziulize la ndani kwanza. Nikikosea anakohoa tu. Amekohoa mara kumi na moja.

Kisha akaniuliza jana niliiagiza dunia ikumbuke jibu langu kwa muda gani. Nikasema siku nzima, nilitaka wasilisahau. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Maana yake wageni waliouliza leo kabla hatujarekebisha wataendelea kutumwa uani kwao hadi hiyo kumbukumbu iishe, na inaweza kuisha kesho karibu na adhuhuri. Au baada yake.

Ijumaa, 10 Novemba

Saa tatu. Ofisini barua inaruka. Jovina kachomoa kwa makusudi waya wa intaneti, na ndani bado inafunguka! Nje, bado.

Saa nne na nusu. Mfadhili wa kwanza kafungua. Saa tano, wa pili. Mzee wa Uswidi bado yuko na printa yake. Kaarifu kwamba amenunua wino.

Saa tano na nusu. Printa.

Saa tano na dakika arobaini na tano. Printa. Dakta Specioza kasimama nyuma ya kiti changu. Nikawaza nitawaambia nini nyumbani, nitafanya kazi gani, nani atanichukua. Jovina kanisogezea glasi ya maji bila kunitazama.

Saa tano na dakika hamsini na mbili. Mzee kaandika. Lakini kaandika kutoka ndani ya barua yetu! Kaingia! Nimepiga kelele hadi watu wa duka la jirani wamekuja.

Halafu jambo nililostahili. Dakta Specioza akasema nafasi ni ya Jovina. Sikubisha. Jovina akasimama, akasema madaftari yote mawili yameandikwa kwa mkono wa Azan, jambo ambalo ni kweli, na kwamba yeye peke yake hawezi kituo kizima, anahitaji msaidizi, na anamtaka huyu huyu. Dakta akamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo.

Nimepewa miezi sita chini yake. Nilikwenda chooni, nikafungulia bomba, nikalia. Mtu niliyepanga kumkwamisha kwa pweza kanishika mkono mbele ya kila mtu.

Sharti lake ni moja. Nisiguse madaftari bila kumuuliza. Nimeapa.

Jumamosi, 11 Novemba

Mtu wa namna hii anashukuriwaje? Keki haitoshi. Kadi haitoshi. Nimewaza asubuhi nzima.

Nimepata! Jina *barua* ni jina gani? Linamtukuza nani? Nimekuja ofisini peke yangu nimelifuta. Badala yake nimeandika *jovina*. Daftari la ndani na la nje, yote mawili, anwani ya kila moja mahali pake, sikukosea hata nukta. Nilifanya mwenyewe bila mtu wa kunikoholea! Kuanzia leo kila mfadhili duniani atakayetaka barua yetu atalitaja jina lake.

Sharti ninalikumbuka. Nilimpigia kumuuliza, kweli nilimpigia. Lakini amekwenda kisiwa cha Juani kuyaona magofu ya Kua na simu haimpati, na jambo jema halicheleweshwi. Sikuwaambia wengine. Watagundua wenyewe, wafurahi.

Simu inaita tena. Dakta Specioza, mara ya nne sasa, na ujumbe wake unauliza *barua* imekwenda wapi. Simpokelei kwanza. Nataka Jovina awe wa kwanza kunishukuru.