Vita vya Mlango Uliobishwa Asubuhi Tu

Sogeeni, enyi wenye masikio, nyamazisheni simu zenu, niwasimulie habari za Bi Takwimu, mpiga hesabu wa ofisi ya utafiti, simba jike wa ghorofa ya pili, aliyekwenda vitani na kalamu moja na viatu vinavyobana!

Siku hiyo Mkurugenzi, bwana wa mihuri, alinguruma kutoka kwenye kiti chake cha enzi kinachozunguka: "Wananchi wamenena! Karibu wote tuliowahoji hawana haja na zahanati ya jioni. Kesho ripoti inaondoka, zahanati ifungwe!"

Bi Takwimu akaingiwa na baridi, kwani dada yake, mshonaji kiwandani, humpeleka huko mwanawe mwenye pumu kila atokapo kazini. Akazifunua kumbukumbu za wahojaji: nani alibisha wapi, saa ngapi, na kama alifunguliwa. Lahaula! Jeshi letu tukufu lilikuwa limebisha karibu milango yote asubuhi, kisha likarudi mbio kuiwahi chai.

"Bosi, tumewahoji wanaoshinda nyumbani tu!" akasema. "Wachache waliobishiwa jioni, wote wanaitaka zahanati. Hao wengine wasiofungua asubuhi umewaandika wakaidi, kumbe wako kazini!"

"Milango ile haifunguki, binti. Ukifunguka hata mmoja, ripoti naizuia."

"Basi vaa koti, twende."

Jioni wakaizingira ngome ya mlango wa bluu, mmoja wa ile isiyofunguka. Shujaa akainua mkono, akabisha. Kimya. Mkurugenzi akatabasamu kama aliyekwisha kuteka mji. Shujaa akabisha tena. Ndani zikasikika kandambili zikiburuzwa, komeo likalia, na mbele yao akasimama mwoka mikate mwenye unga kwenye nyusi.

"Kumbe ndio nyie mnaoniachia vikaratasi asubuhi? Mlidhani mikate inajioka?"

"Samahani, mama," akanong'ona bwana wa mihuri. "Zahanati ya jioni... unaihitaji?"

"Ikifungwa, baba, mimi nitaumwa saa ngapi?"

Mkurugenzi akaichomoa ripoti kotini. Akaikunja, akaamuru jeshi zima lirudi kubisha upya, jioni.

Na iandikwe, vizazi visome, kwamba siku ile mlango mmoja ulifunguka na historia ikapita hapo. Bi Takwimu akavua viatu palepale barazani, akampigia dada yake simu: "Usihangaike kutafuta daktari mwingine. Kesho ukitoka kazini, mpeleke mtoto kama kawaida."