Katibu wa Subira Yuko Nairobi

Serikali, baada ya mashauriano ya kina, ilitangaza kuundwa kwa Idara ya Subira ya Wananchi, na kumteua Mheshimiwa Kenga Mwadzombo kuwa Katibu wake. Uteuzi ulimstahili. Kwa miaka mingi Kenga ndiye aliyewaongoza watu wa Makadara, Mombasa, kudai maji ya mfereji, wakipiga masufuria matupu milangoni mwa wakubwa mpaka wakubwa watoke. Nani angejua zaidi namna ya kuwatuliza?

Akaapishwa, akapewa afisi ya ghorofa ya nne, zulia la kuzamisha miguu, na karani aitwaye Loise. Muda si muda akazindua Mkakati Shirikishi wa Kungoja. Maji hayakuja, lakini kutokuja kwake sasa kuliratibiwa.

Jumatano moja mchana akachungulia dirishani. Mejumaa, muuza mbaazi na mahamri, aliyekuwa mkono wake wa kulia zama za maandamano, alikuwa akivuka barabara na kundi la watu. Wamebeba sufuria kubwa.

"Loise, niko Nairobi," alisema, akaingia chini ya meza. Hatua hiyo ilikuwa ya muda, na ilizingatia taratibu.

Mejumaa akafika kwa Loise akihema. "Hujambo, mwanangu. Yuwapi Kenga wetu?"

"Mheshimiwa yuko Nairobi, mama."

"Maskini. Nasi tumempikia biriani ya kumpongeza. Ngazi zote hizi, hatushuki nayo tena. Tufungulie afisi yake, tuile pale zuliani."

Loise hakuwa na mwongozo wowote kuhusu biriani. Akafungua.

Wakaita askari wa mlangoni na matarishi, wakakaa. Kenga, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, aliona magoti, vidole, na paja la kuku likipita jirani na pua yake. Lakini Katibu aliyeko Nairobi hawezi kuomba chakula Mombasa. Tumbo likanguruma. Loise akakohoa upesi, kwa niaba ya idara.

Walipomaliza, Mejumaa akainua mikono. "Ya Rabbi, turejeshee Kenga wetu salama kutoka Nairobi."

"Amin," wakaitika watu.

"Amin," ikaitika meza.

Mejumaa akajifuta vidole taratibu.

"Nairobi imekuwa karibu siku hizi," alisema. Akainama, akamsogezea Mheshimiwa kibakuli cha achari. Biriani ilikuwa imekwisha.